Usiguse Mpaka Nirudi

Mwaloni Kirumba, saa kumi na mbili kasorobo,
mizani imegoma kusema.
Gunia la dagaa limekaa juu yake kama mgeni asiyeandaliwa kiti,
na kwenye kioo cha kompyuta: sufuri, sufuri, sufuri.
Mama Ngollo ameshika kiuno.
"Juzi ilisema. Jana mchana ilisema.
Usiku umeme umekatika mara moja tu, imekuwa bubu.
Ni waya?"

Si waya.
Waya nimeukagua hadi kwenye meno yake.
Navuta kreti la soda, nakaa.
Magamba yameganda katikati ya vitufe;
herufi M haikubali bila kidole gumba.

Nashuka mpaka /etc/modprobe.d,
chumba cha chini kisicho na dirisha,
ambako kiini cha mashine, kila kikiamka, huuliza
nani aingie, nani abaki mlangoni,
na anayeingia aje na masharti gani.
Faili kumi na saba.
Kumi na saba! Kwa mizani moja na printa ya risiti.
Hii ni ya kadi ya sauti ambayo mashine hii haijawahi kuwa nayo.
Hii imeitwa nakala, inayofuata nakala-mpya,
ya tatu nakala-mpya-kweli,
na zote zinaishia na .conf, kwa hiyo zote zinasomwa,
zote zinatoa amri,
kama ukoo ambao marehemu wake bado wanahudhuria vikao.

Ya mwisho kabisa: zz-luhende.conf.
Faili husomwa kwa alfabeti.
Aliipa zedi mbili ili isitanguliwe na neno la mtu.

Luhende sikumkuta.
Wengine wanasema yuko Geita, ameacha kompyuta, anasaga mawe.
Wengine wanasema Kahama.
Simu yake haipatikani, haipatikani kwa adabu,
kwa sauti ya yule dada wa mtandao.
Lakini humu yumo, nyuma ya alama ya reli,
pale ambapo mashine hairuhusiwi kusoma, ni binadamu tu:

# madereva wawili wanagombea tundu moja
# wa zamani akitangulia mizani haisemi
# nimemzuia. usiguse mpaka nirudi

Nawajua hao. Ni kama madalali wawili walioshika gunia moja:
huondoka nalo aliyefika kwanza, si anayejua bei.
Na chini ya maneno hayo, ule mstari wenyewe, wa kuzuia,
umewekewa reli mbele yake.
Umenyamazishwa.
Mtu ameugusa.

Naangalia tarehe ya faili.
Machi, Jumanne, saa tatu usiku.

Machi nilikuja hapa kufanya usafi.
Niliona mistari ya mtu aliyeondoka, nikaona takataka.
Na siku ile halikuharibika kitu, wala wiki ile;
mashine iliyo macho haizisomi tena sheria zake.
Ilikaa nalo kosa langu miezi minne
ikipima, ikipima,
ikisubiri usiku mmoja wa TANESCO.

Naondoa reli. Nazima, nawasha.
Sufuri.
Ndiyo, nilisahau: kiini huamka na kifurushi
kilichofungwa zamani, kabla diski haijafunguka,
na humo sheria bado ni ile yangu ya Machi.
Nafungua kifurushi, napanga upya, nafunga.
Kabla ya kuzima tena naongeza mstari mmoja chini ya mitatu yake,
M nikiibonyeza kwa gumba:

# niligusa. Minza

Arobaini na tatu nukta mbili.
Vijana wa magunia wanapiga mluzi.
Mama Ngollo hapigi. "Tatizo lilikuwa nini?"
"Umeme," nasema.

Anainama chini ya meza, anatoa jiwe lake,
jiwe la Mwanza, jeusi, limeng'arishwa na mikono,
la kilo kumi tangu enzi za mama yake.
Analiweka taratibu.
Kumi nukta moja.

"Limenenepa," anasema,
akinitazama mimi, si kioo.