Nukta Nane

Jumamosi, Nkuhungu. Vumbi limeegemea dirisha.
Luku inasoma nukta nane.
Nimezima friji, nimechomoa chaji ya simu,
runinga peke yake ndiyo inayokula.

Marathoni ya dunia. Kwao usiku, na mvua;
hapa mvua tumeisahau tangu Aprili.
Mama anachambua karanga, hatazami,
ila kila kilomita anauliza:
"Yule wa mwisho yupo?"

Yupo. Wa kwanza kishavikwa bendera,
pengine kishaoga.
Yeye bado anaburuza mguu wa kushoto,
kamera inamrudia kwa aibu.

Karanga zimesimama mkononi.

Kisha kioo cheusi,
na sisi wawili ndani yake.

"Vaa ndala," anasema.
"Kakope elfu mbili kwa Mazoya.
Sibandiki sufuria
mtoto wa watu hajafika."