Kibendera

Aminieli Lyatuu, winga wa kulia wa Wakoboaji,
kuna neno nimelilalia tangu Oktoba ile
kama kuku na yai viza.

Hukunijua. Mchezaji hamjui mshika kibendera,
anaujua mkono unaoinuka, basi.
Mimi nilikujua kwa kishindo.
Misimu kumi na tisa, Uwanja wa Ushirika,
kipindi kimoja changu, kimoja cha marehemu Shirima kule ng'ambo,
tukifuata chokaa ileile, wewe kwa ndani, mimi kwa nje,
na Jumatatu kila mtu na lake:
wewe kwenye magunia ya kahawa kiwandani,
mimi karani wa mizani, stesheni.

Wageni hulipa fedha nyingi wauone mlima.
Mimi niliupa mgongo.
Kibo ilivuliwa mawingu, ikavikwa,
nami macho kwenye miguu yako.

Msimu wa kwanza ulivaa viatu vya kaka yako,
vidoleni umeshindilia gazeti.
Ulipopita niliisikia karatasi ikilia.
Beki mmoja wa Tanga akakuuliza,
"Mtoto, umetumwa na nani?"
Hukumjibu. Krosi ilikuwa imeshaondoka.

Wakaja watu wa Dar na bahasha.
Ulikwenda, miezi minne ukarudi,
ukasingizia joto.
Pasua nzima ilijua: mama yako alikuwa na kihamba kimoja
na mgongo uliokataa kuinama.

Nilikunyooshea kibendera mara mia mbili na kumi na moja.
Niliandika, karani huandika.
Na kila mara ulifungua mikono: "Kwa nini, mzee?"
Mzee! Nimekuzidi miaka miwili.
Lugha yetu imelipa kosa lile jina la huruma,
kuotea,
kana kwamba ulisinzia kidogo karibu na goli
na mpira ukakukuta ndotoni.

Msimu wa kumi na mbili goti la kushoto likavimba.
Ukaacha kuwapita kwa mbio,
ukaanza kuwapita kwa kusimama.
Unasimama, beki naye anasimama,
halafu wewe unakwenda.
Sijaona hila nzuri kama ile ya mtu aliyechoka.
Jukwaani walicheka, "Babu, panda baiskeli!"
na wewe ulikuwa umeshafika kwenye kona,
unapangusa mpira kwa jezi.

Sasa Oktoba ile.
Timu ya Arusha, sare, dakika ya themanini na moja,
watazamaji kama mia nne na mbuzi wawili.
Kijana Ndeonasia, aliyezaliwa msimu wako wa kwanza,
akaupenyeza mpira katikati ya mabeki.
Ulipotoka mguuni mwake ulikuwa nyuma ya beki wa mwisho,
nyuma kwa kiatu kizima.
Niliona. Nakuapia niliona.
Kisha nikatazama tena, uko peke yako na kipa,
vumbi la wote liko nyuma yako,
nikajiambia, mtu wa miaka thelathini na tisa
hawezi kufika pale kwa halali.
Nikainua.

Nilihukumu umri, sikuhukumu mguu.

Na siku hiyo, Lyatuu, hukuniuliza kwa nini.
Laiti ungeuliza.
Ulitazama chini, ukalitazama goti,
ukaliamini kosa ambalo hukulifanya.
Wiki iliyofuata walisema umerudisha jezi,
imefuliwa, imepigwa pasi.

Jana nimekuona Kiboriloni kwenye mitumba.
Unamchagulia mjukuu viatu,
unakunja soli, unachungulia ndani
kama anayetafuta gazeti.
Nilisimama ng'ambo ya meza, neno liko mdomoni,
na mkono wangu wa kulia, huu mkono,
ukainuka wenyewe.

Ulidhani ni salamu.
Ukainua wako.