Risasi

"Nani amekalia risasi?" Tirop akauliza,
na mama wa mayai, aliyekuwa akipita langoni
na ndoo yake na kachumbari,
akabaki na mguu mmoja hewani.

Ni waya tu, mama. Waya laini wa kuungia redio.
Kila Jumamosi tunaketi hapa Section 58,
nyuma ya nyumba ya Tirop, chini ya bati linalovuja,
watu watano na redio zilizokufa
kabla watoto wetu hawajazaliwa.
Siasa marufuku. Kanisa la nani lina pepo, marufuku.
Kuchukua koleo la mwenzako bila kuomba:
faini, soda moja, baridi.
Kuhusu bunduki hatukuwahi kutunga sheria.

Mama akacheka, akauza mayai manne, akaenda zake.
Neno likabaki mezani.

Mbugua wa vipuri akalidaka:
"Bunduki ndiyo mwalimu wa adabu. Hebu fikiria
hapo mzunguko wa Nyayo, kila dereva na yake kiunoni.
Nani angenichomekea?
Tungepishana kama maharusi: tangulia, la, tangulia wewe."

Nyaboke hakuinua macho kwenye spika aliyokuwa akiishona.
Miaka ishirini na sita chumba cha upasuaji, hospitali kuu.
"Wanafunzi wa mwalimu huyo nawajua," akasema.
"Waliletwa usiku, wengine kiatu kimoja.
Watulivu ajabu. Hakuna aliyenikatiza."

Ochanda akajaribu kutuokoa:
kwao Ahero, adabu ya mtu hupimwa kwa samaki,
anaanzia wapi, kichwa anamwachia nani.
"Wewe," Tirop akamwambia, "humwachii mtu hata mwiba,"
tukacheka kidogo, kicheko cha kubana mlango.

Lakini Mbugua alikwisha kusimama.
Alikuwa na hoja, na hoja ilikuwa na mkono,
na mkono ulikuwa na chuma cha kuchomea,
ncha yake ikitoa uzi wa moshi
shubiri moja kutoka pua ya Wafubwa.
"Wewe ulikuwa askari! Waambie! Waambie ukweli!"

Kimya. Redio ya Tirop ikakwaruza, ikanyamaza nayo.

Wafubwa akaitazama ile ncha
jinsi mtu anavyomtazama mtoto wa jirani.

"Miaka kumi na minne," akasema, "mlango wa benki.
Wenye suti, wenye tumbo, wenye haraka:
habari ya asubuhi, afande. Umeamkaje, afande.
Krismasi hii mkate, ile kuku.
Mmoja alijua mpaka jina la binti yangu.
Mimi nikafikiri, kumbe Nakuru ina watu wazuri.

Siku niliyoirudisha nikatia sahihi pale kituoni,
namba ya bunduki, idadi ya risasi, zote,
sikuwahi kupunguza hata moja.
Kesho yake nikaenda benki ile ile kuuliza pensheni.
Nimevaa sweta hili.
Nikasema habari zenu.
Nikasema tena."

Mvua ikaanza, nyepesi, ile ya kutoka Menengai
isiyojua kama inakuja au inapita.
Ochanda akasogeza betri pasipovuja.
Sikujua pa kuweka macho, nikahesabu vipande
vya ganda la yai kwenye gazeti. Nilifika kumi na tisa.

Mbugua akakitazama chuma mkononi mwake
kana kwamba amepewa na mtu barabarani.
Akakigeuza. Taratibu, ncha kwake, mpini kwa Wafubwa,
kama kisu kinavyopewa mkwe.
"Kimepoa kidogo," akasema. "Kitumie wewe kwanza."

Wafubwa akakipokea kwa mikono miwili.
Akainama juu ya redio yake, Philips ya mbao,
akanyoosha kiganja bila kugeuka:

"Nyaboke, naomba risasi."

Akampa. Kiasi cha kucha.
Ikayeyuka, ikang'aa, ikashika.
Na soda ya faini tulibishana mpaka giza
nani hasa anadaiwa.