Lango la Saba

Chumba changu cha gemu hapa Wete kina skrini tatu,
moja ina ufa unaopita katikati kama mto kwenye ramani.
Mie ndiye mwenye daftari:
mia tano, nusu saa. Ukivunja pedi namwambia mamako.
Umeme ukikatika, dakika zako nazirudisha.
Sijapata kumdhulumu mtoto.

Mwaka huu wote wanagombea gemu moja.
Ina maandishi asiyoyajua hata mwalimu mkuu,
kwa hivyo hadithi wameitunga wenyewe.
Ndani yake mna popo.
Ananing'inia, anajiachia, anapiga mbawa,
anausikia ukuta kabla hajaugonga,
anakula tunda, anatema kokwa,
na pale kokwa lilipoanguka
panaota mti atakaoukuta mchezaji wa kesho.

Shaame wa Kombo, darasa la nne, ndara moja imeshonwa kwa waya,
kafika naye mbali kuliko wakubwa.
Wiki tatu. Pesa zake za vileja zote zimo humu daftarini.

Jumanne, walipotoka chuoni, akaligusa lango la saba.
Watoto kumi na mmoja nyuma ya kiti,
pumzi zao shingoni mwake.
Popo akaingia kwenye mwanga.
Mbawa zikakunjamana kama mwavuli ulioshindwa na upepo,
zikatoka vidole.
Masikio yakanywea. Manyoya yakawa nywele,
na nywele zenyewe tayari zimechanwa.
Akasimama wima, kijana wa sura nzuri, viatu vyeusi.
"Kawa mtu! Kawa mtu!"
hata fundi cherehani wa jirani akatoka kuuliza nani kafunga.

Kisha kukapoa.
Faki ndiye aliyeuliza: "Mtoto wa nani?"
Maana kwetu huwezi kuwa mtu hivi hivi tu.
Wa Mzambarauni, alisema mmoja.
Wa Kiuyu, alisema mwengine, si mnaona urefu ule.
Hana kwao, mama yake bado ananing'inia lango la kwanza.
Basi nani atamposea? Nani atamzika?
"Apewe jina kwanza," akasema Mize,
ambaye hachezi, huja kutazama tu,
na jina halikupatikana.

Shaame hakuwa nao.
Dole gumba likabonyeza kitufe cha kuruka.
Kijana akaruka: shibiri mbili, akatua.
Kitufe ni kilekile, hata neno ni lilelile,
ila jana lilikuwa na anga ndani yake.
Akabonyeza cha kusikia. Kimya.
Akafika ukutani akaugonga kwa paji la uso.
Akafika mlangoni, mlango ukataka ufunguo.
Akafika kwenye mti wake mwenyewe,
wa kokwa alilolitema juzi Ijumaa,
na chini yake kakaa bwana mmoja, kiganja wazi,
anadai sarafu kwa kila tunda.

"Ndio utu huo, Shaame," nikamwambia.
Nilikuwa natania.
Akanitazama kama niliyemtukania baba.

"Dada Raya, nirudishie."
"Pesa?"
"Popo."

Nikatafuta. Wallahi nilitafuta,
nikabonyeza kila chenye kubonyezeka,
mshale, duara, nyota.
Mlango wa kuingilia utuni upo, una mataa na muziki.
Wa kutokea hawakuuchora.
Anza upya, nikasema, lango la kwanza,
na miti yako yote itafutika.

Zilibaki dakika nne.
Akampandisha kijana juu ya paa, polepole,
ngazi kwa ngazi, viatu vikiteleza.
Alipofika kileleni, Shaame akaiweka pedi tumboni,
akajipindua kitini,
miguu juu ya kiegemeo, kichwa karibu na sakafu,
akatazama skrini kutokea huko chini.
Mize akainama. Faki akainama.
Mmoja mmoja wakapindua vichwa,
hadi chumba kizima kikawa kinaning'inia,
na kule juu ya kioo chenye ufa
kijana wa viatu vyeusi, asiye jina, naye ananing'inia.

Mita ya Tukuza ikalia, imebaki yuniti moja.
Daftarini niliandika: Shaame, dakika ishirini na sita.
Zile nne sikujua niziweke safu gani.