Daftari la Nidhamu

Miaka kumi na tisa nimelishika daftari hili
la kanisa letu la Kadutu, lile la juu mteremkoni
ambako mvua ikinyesha udongo hushuka na ngazi zake.
Mwandiko wangu mzuri. Hata mchungaji husema.

Kurasa nimezipiga safu kwa rula:
Ulevi. Wizi. Uchawi. Uzinzi.
Ya tano, Tarehe ya Kurudishwa Mezani.

Nabintu alikuja Jumatatu, mama yake nyuma,
kitenge kimefungwa mafundo mawili
kama cha mtu anayeogopa upepo.
Alieleza mara moja tu.
Alitaja njia ya mtoni, bidoni la manjano lililopasuka,
na jina.
Wazee watatu walitazama viatu vyao.
Mmoja akauliza kama alipiga kelele.
Mwingine akauliza ilikuwa saa ngapi,
kana kwamba dhambi ina saa ya kufunga duka.
Kisha mchungaji akanigeukia: Katibu, andika.

Niandike wapi?
Nilitafuta safu ya aliyetendewa.
Haikuwapo. Na nani angeichora, kama si mimi?
Nikaandika palipokuwa na nafasi,
safu ya nne, biki ya buluu,
N yenye mkia, kama kawaida yangu.

Jumapili akaketi benchi la mwisho
ambako mabati mapya hayakufika.
Mkate ulipita. Kikombe kikapita.
Kwaya ilisimama, besi ikaijaza nyumba,
besi nzuri, inayotetemesha kioo,
na sisi wote tulijua ni ya nani.

Alhamisi, darasa la Biblia, aliinua mkono:
tusome Samweli wa Pili, kumi na tatu.
Mchungaji akafunua, akafunga.
Sura hiyo, alisema, haijengi.
Nabintu akaisoma hata hivyo, polepole,
kidole chini ya maneno kama mtoto wa shule,
mpaka Tamari na majivu yake kichwani.
Hakuna aliyesema Amina.
Nilikuwapo. Nilikuwa nachonga penseli.

Usiku ule nilichukua wembe.
Biki haifutiki, hukwanguliwa.
Nilikwangua herufi kwa herufi,
karatasi ikaota manyoya, ikawa nyepesi,
ikatoboka.
Ukurasa wa chini ni wa michango ya ujenzi.
Ndani ya tundu, kwa mwandiko wangu uleule mzuri,
pakatokea: mabati ishirini na manne,
na nusu ya jina la mtu.

Daftari nimeliacha wazi juu ya meza ya wazee.
Sijui watasema nini. Labda watanunua jipya.

Leo nimekaa benchi la mwisho.
Huku mahubiri yanafika yamechoka,
huku kuna baridi, sikujua.
Nabintu hakugeuka.
Kati yetu ameacha nafasi ya mtu mmoja
na mvua inadondoka hapo hapo,
tone, kisha tone,
wala hakuna anayeweka ndoo.