Elfu Nne

Nilitoka lindoni saa mbili asubuhi
macho yamejaa mchanga wa usiku,
noti mbili za elfu mbili nimezikunja ndani ya soksi
zisije zikakutana na bucha njiani.

Duka la Aikande lipo nyuma ya soko la Mbuyuni,
mlango mwembamba, harufu ya gundi na madaftari mapya.
"Nataka vifaa vya kuchorea," nikasema,
sauti ikaona haya kabla yangu.
Mtu wa miaka arobaini na tatu,
koti la ulinzi, rungu kwapani.

Kwenye kabati la kioo palikuwa na kisanduku cha bati,
penseli sabini na mbili zimelala kama watoto wa bweni,
kila mmoja na shuka la rangi yake.
Elfu thelathini na nane.
Nilikitazama kama mtu atazamavyo harusi ya jirani
huku kadi haikumfikia.

Aikande hakucheka.
"Hicho cha kuweka sebuleni," alisema.
"Wanaonunua nawaona baada ya mwaka:
zote bado ndefu, nyeusi peke yake imebaki kishungi."

Akanipa penseli moja. 2B. Mia tano.
"HB mwachie mhasibu, inakwaruza. Hii inasamehe."
Nikaijaribu nyuma ya risiti:
nikikandamiza, usiku wa manane;
nikilegeza kiganja, karibu adhana ya alfajiri.
Miaka kumi na moja nakesha na giza,
sikujua kuwa lina ngazi.

Raba nyeupe, mia tatu.
Ile nyekundu ya mkiani hutafuna karatasi.
Kichongeo? "Kwako hakuna wembe?"
Upo.
Daftari kubwa la michoro, elfu kumi na mbili?
Alilisukuma mbali kwa kidole.
"Utaliogopa. Utachora ukurasa mmoja kwa woga,
kisha utalifungia kabatini na vyeti vya ubatizo.
Nenda Kiusa kwa Elinami mchapaji,
anauza mabaki kwa kilo."

Kilo moja, elfu moja na mia tano:
kadi ngumu, nyeupe upande wa nyuma,
mbele bibi harusi Ndeshifose amekosewa herufi,
mara arobaini, kwa wino wa dhahabu.
Namshukuru yule aliyekosea.

Mkaa sikununua.
Kibosho kwa mama, wakati wa kupogoa kahawa,
nilikata vijiti vyembamba kama kidole cha mtoto,
nikavijaza kwenye kopo la maziwa, nikaziba kwa udongo,
nikalifukia kwenye moto wa maharage.
Mama akauliza napika nini.
Nikamwambia weusi.
Akaongeza kuni.

Zilizobaki zilirudi soksini,
na bucha, siwezi kudanganya, nalo lilipata chake.

Usiku ule niliketi mbele ya ghala
chini ya taa yenye wadudu.
Mlima sikuugusa; kila ukuta wa hoteli mjini unao.
Nikachora kufuli.
Lilitoka kama kiazi.
Nikafuta, nikachora, likawa kiazi chenye tundu.
Usiku wa pili nilichora kivuli chake tu.
Usiku wa tano bosi alipita na gari,
akamulika, akaona nimeinama, akadhani nasali,
akazima taa taratibu.

Usiku wa tisa, nyuma ya Ndeshifose,
lilining'inia pale kwenye karatasi
nami nikanyoosha mkono, bila kufikiri,
kulitikisa nione kama limefungwa.