Milimita Kumi na Moja

Jumatatu nilimwambia baba: fungua kinywa.
Alicheka kwanza, akageukia ukuta kama mtoto,
kisha akafungua, na harufu ya gego la nyuma
ikanipokea kama ghala lililofungwa masika yote.

Nikapitisha kijiti cha pamba kwenye shimo jeusi,
nikakitia kichupani, nikaandika:
Z., miaka hamsini na minane, chini, kushoto.
Sikuandika kwamba Z. ni Zihalirwa muuza sukari,
Kadutu, kibanda cha tatu ukishuka ngazi,
wala kwamba karo yangu yote, tangu darasa la kwanza,
ilipimwa kwa kikombe cha bati
na kusawazishwa juu kwa kiganja.

Usiku wa pili walizaliwa
juu ya sahani yenye damu ya kondoo:
vidoto vyeupe, wapole, ungedhani umande.
Birindwa, fundi wa maabara, akavaa miwani.
"Hawa hawana meno," akasema, "na wanatafuna jiwe.
Wape sukari, watakulipa kwa asidi."
Nikamwambia nawajua. Ni wateja wetu.

Majani aliyaleta mama mkubwa kutoka Walungu:
mubirizi, mchungu hata mbuzi hujiuliza mara mbili;
muravumba, aliouchuma uani kwa jirani bila kuomba;
na majani ya mpera, machache,
ya kufungia tu yale mengine yasimwagike.
"Mubirizi ndiyo dawa," akasema. "Hayo mengine ni mapambo."
Niliyaanika kivulini siku tisa. Mvua ilinyesha sita.
Nikayaponda, nikayalowesha kwenye spiriti, nikayachuja
mpaka yakabaki mafuta mazito
yaliyoingia chini ya kucha zangu na kukataa kutoka.

Kisha umeme.
Anayeijua Bukavu hahitaji nimalize.
Ruzizi inanguruma pale chini, usiku kucha,
na sisi juu tunatafuta kiberiti.
Mashine ya joto ikapoa kama chungu cha mjane.
Nikazifunga sahani sita kwa utepe, kwa nailoni, kwa kitenge,
nikazitia chini ya sweta, nikalala chali.
Thelathini na saba: mwili unazo, mashine haiombi zaidi.
Basi niliwaatamia mpaka asubuhi
wale waliokuwa wakimla baba yangu.

Kulipokucha nikashika rula.

Maji: hakuna kitu. Wamejaa hadi ukingoni.
Muravumba: nane, yenye ukungu. Labda.
Mubirizi: sita,
na sita ndiyo upana wa kikaratasi chenyewe.
Mpera: kumi na moja,
duara safi, jekundu,
kama uwanja uliofagiwa kabla wageni hawajafika.
Dawa ya dukani: ishirini na mbili, bila haya.

Nilirudia kuupima mubirizi mara tatu.
Niliinamisha rula. Niliinamisha na shingo.
"Andika ulichoona," alisema Birindwa akiosha glasi,
"ulichotamani kampelekee padri."

Jumamosi waling'oa lile gego.
Hakuna jani linalorudisha ukuta ulioanguka.
Baba alilifunga kwenye noti ya faranga mia, akalitia mfukoni,
na Jumatatu alikuwa kibandani, shavu limevimba,
anatafuna jani la mpera, anakunja uso.
"Linawaua?"
"Kwenye sahani, baba."
"Na kinywani?"
"Kinywa si sahani. Kina mate, kina chai, kina wewe."

Akatema. Akafikiri.
Mtoto wa Mwa Cirhuza akanyoosha sarafu
na mfuko mdogo mweusi.
Baba akajaza kikombe, akakisawazisha kwa kiganja,
akakitazama,
akapunguza kidogo,
akanitazama mimi, na daftari langu,
akarudisha,
akaongeza ya juu, ile ya bure, kama siku zote.

Mtoto akalamba kidole, akashuka ngazi akiruka.
Nilimsikia akihesabu.